Jinsi ya Kuitetea The Last Jedi Ukiwa Bagira

Umekwisha kujiponza. Ulikuwa umekaa zako, brosheti mkononi, mtu akataja Star Wars, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa ukasema: “Mimi ile ya 2017 niliipenda.” Meza ikanyamaza. Mwalimu wa fizikia akavua miwani. Yule jamaa aliyehamia wilaya ya Ibanda, ambaye siku hizi huizungumzia Bagira yetu hapa Bukavu kana kwamba ni nchi inayohitaji viza, akageuza kiti ili akutazame vizuri. Kurudi nyuma haiwezekani tena. Na mimi na wewe tunaijua siri: filamu yenyewe uliiona mara moja, kwenye flash ya kuazima, kwa Kifaransa, na katikati ulisinzia.

Tulia. Aliyeiona mara moja yuko mahali pazuri kuliko aliyeiona mara kumi. Yule wa mara kumi ana majeraha. Wewe una usingizi tu, na usingizi una dawa.

1. Chukua jina moja na tarakimu chache, tena nusu nusu

Jina ni Rian Johnson. Aliiandika hadithi na kuiongoza mwenyewe, kwa hiyo lawama zote za dunia zina mlango mmoja wa kubisha. Litamke polepole, watu wadhani umemfikiria sana.

Sasa tarakimu. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na duniani hakuna filamu ya mwaka 2017 iliyoipita. Sema hivyo, kisha unywe. Usiendelee kusema kwamba ile iliyoitangulia, ya J. J. Abrams mwaka 2015, ilivuka bilioni 2. Wakikuuliza habari za tuzo, jibu: “Oscar nne.” Neno “kuteuliwa” limeze pamoja na dagaa wa sambaza. Haikuchukua hata moja, lakini hujaulizwa hilo. Wahakiki nao, kwa hesabu ya Rotten Tomatoes, walioisifu ni kama tisa katika kila kumi. Watazamaji wa kawaida waliopiga kura hapo hapo hawakufika nusu. Hao wewe hukuwaona.

2. Tengeneza sababu ya kusinzia

Filamu ina dakika 152. Kwa umeme wa mtaani hiyo ni ahadi nzito, ijapokuwa mto Ruzizi unatiririka pale pale chini na bwawa lake la kwanza lilijengwa tangu enzi za Wabelgiji. Basi ukikamatwa hujui tukio fulani, pumua, itazame balbu, useme: “Pale umeme ulikatika.” Hakuna mtu Bagira atakayekudai ushahidi. Atakuhurumia. Atakusimulia tukio zima kwa mdomo wake, na kuanzia hapo unalijua. Tumia dawa hii mara mbili kwa jioni moja, si zaidi. Ya tatu watauliza mbona ulikuwa ukikatika kila walipofika kwenye kasino.

3. Mwite Luke kwa cheo chake, yaani mjomba

Hapa ndipo vita vilipo, usiharakishe.

Malalamiko yao ni haya. Katika filamu za zamani Luke Skywalker alikuwa kijana aliyekataa kumkatia tamaa hata baba yake, Darth Vader, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa damu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye Johnson anatuonyesha mzee mwenye ndevu kisiwani. Rey, binti anayetaka kufundishwa naye, amesafiri kutoka pembe nyingine ya anga, amepanda ngazi za mawe, anamkabidhi upanga wake wa mwanga kwa heshima zote. Mzee anautazama, anautupa nyuma ya bega, anaondoka. Halafu anamkamua mnyama wa ufukweni na kunywa maziwa ya kijani mbele ya mgeni. “Yaya, walituharibia Luke!” Na glasi zitaruka juu ya meza.

Kosa la wageni wa kazi hii ni kuutetea upanga uliotupwa. Usiuguse. Nenda moja kwa moja kwenye ukoo. Ben Solo, yule anayejiita Kylo Ren, mama yake ni Leia. Leia ni dada yake Luke. Kwa hiyo Luke ni nani kwa Ben? Waache wajibu wenyewe: mjomba. Nyamaza kidogo hapo, neno liingie. Usiku mmoja mjomba aliingia mahali mpwa wake amelala, akaona giza ndani ya kijana, akawasha upanga juu ya kichwa chake. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kisha aibu ikamshika. Lakini mtoto alikwisha kufumbua macho.

Sasa uliza: kwenu mjomba aliyefanya hivyo angebaki mtaani? Angekaa mbele kwenye harusi, apelekewe sahani yake ya kwanza? Angedandia boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi, alime migomba yake, afuge mbuzi wawili, na kila mjumbe atakayevuka ziwa kumwita nyumbani amtimue. Luke alifanya hivyo hivyo, ila Idjwi yake ilipigwa picha Skellig Michael, Ireland, na mbuzi wake walikuwa na maziwa ya kijani. Ikiwa mezani yuko Mshi mwenye umri, mwachie amalizie. Atatoa hesabu ya ng'ombe wa kuombea msamaha, wengine watamkosoa idadi, na wewe utapata nafasi ya kula.

Wakibisha bado, toa jambo la pili. Habari ya usiku ule filamu inaisimulia mara tatu. Kwanza Luke anaisema huku akiificha nusu. Kisha Kylo anaisema akiizidisha. Mwisho Luke anarudi na kuieleza ilivyokuwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha familia, hasa kile cha kugawana kiwanja, anajua kwamba maelezo ya kwanza ya mzee hayaandikwi kwa wino.

Watakuja na Mark Hamill. “Hata mwigizaji mwenyewe alikataa!” Ni kweli, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na Johnson juu ya Luke wa namna ile. Baadaye akasema anajuta kuyatoa mashaka yake mbele za watu. Wao wametaja nusu ya kwanza, wewe taja ya pili. Mmegawana kazi vizuri.

4. Umsifu mwenye ukoo kabla hujamnyang'anya

Filamu ya 2015 iliwaacha watu miaka miwili wakiuliza wazazi wa Rey ni akina nani. Mashabiki wakajichorea koo: huyu ni binti wa Luke, hapana, ni damu ya Obi-Wan. Johnson akamtuma Kylo amwambie jibu: si watu wowote. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu, wakamuuza mtoto kwa pesa ya pombe.

Hasira iliyofuata haijapoa hadi leo, na mezani pako itatoka mahali unapoweza kupatabiri. Kila familia ya Bushi ina njia yake ya mkato ya kufika kwa mwami wa Kabare au wa Ngweshe, na anayeijua njia hiyo kuliko wote ndiye atakayesema kwamba shujaa hawezi kutoka kwa walevi. Usimshambulie. Msifu. Muulize babu wa babu yake aliitwa nani, msikilize hadi mwisho, itikia kwa kichwa. Kisha sema kwa unyenyekevu: “Wewe papa una ukoo. Sisi wengine je, tusishike upanga?” Hana jibu ambalo halitamfanya aonekane mwenye majivuno, na nusu ya vijana waliomzunguka hawajui babu zao walitoka kijiji gani.

Ukitaka kumaliza kabisa, mkumbushe alipokaa. Wabelgiji walipozijenga nyumba za safu za Bagira walizijenga kwa ajili ya wafanyakazi. Watu walitoka Kabare, Walungu, Mwenga na kwingineko, na langoni mwa kiwanda hakuna aliyeulizwa mjukuu wa nani. Filamu inaishia na mtoto wa zizini, hana jina lolote kubwa, anauvuta ufagio ukamjia mkononi bila kuushika. Huyo ni wa kwetu. Sema hivyo hata kama hukumbuki ufagio.

5. Kwa Leia, shusha sauti

Watacheka tukio la Leia kurushwa nje ya meli, kuganda kwenye utupu wa anga, halafu kurudi akielea. Usieleze Nguvu, usieleze fizikia. Shusha sauti useme: “Marehemu Carrie Fisher.” Alifariki Desemba 2016, mwaka mzima kabla filamu haijatoka. Vicheko vitakatika. Meza itampa dakika yake. Kwamba tukio lilipigwa picha mama wa watu akiwa mzima ni jambo ambalo halina haja ya kutajwa msibani.

6. Kasino: sema sentensi moja, kisha kaa kimya

Hii ndiyo sehemu uliyosinzia, na wengi walioiona macho makavu wanakuonea wivu. Finn na Rose wanakwenda mji wa matajiri uitwao Canto Bight kumtafuta fundi wa kuvunja siri za mitambo. Hawampati waliyetumwa kumtafuta, wanakamatwa, wanapanda wanyama wa mashindano, wanavunja madirisha, na mpango wote unaishia patupu. Mashabiki wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakilia juu ya dakika hizo tangu 2017. Kusema kweli ni ndefu.

Lakini ndani yake lipo tukio fupi ambalo wewe wa Bagira umepewa bure. Mwizi mmoja, ameigizwa na Benicio del Toro, anafungua kumbukumbu za meli waliyoiiba. Mwenye meli ni mfanyabiashara wa silaha. Aliwauzia wabaya. Mwizi anabonyeza tena: aliwauzia na wazuri.

Sema hilo tu. Mtu wa Paris atahitaji uendelee kueleza. Hapa utaona vichwa vinaitikia vyenyewe, hata cha mwalimu wa fizikia. Chunga jambo moja: usitaje mwaka. 1996, 1998, 2004, 2025, kila aliyeketi hapo ana mwaka wake wa vita, na ukianza kumchagulia, jioni inageuka ya siasa na brosheti zinapoa.

7. Kwa Finn, ushindwe mapema

Kuna mahali huwezi kushinda, na mjanja hupajua kabla hajafika. Finn alichukuliwa utotoni, akapewa nambari badala ya jina, akafundishwa kuua, akatoroka katika mapigano yake ya kwanza. Mji huu haukuhitaji sinema ili kumjua. Mwaka 1996 tuliwaona wenzake wakiingia na bunduki zinazowazidi urefu, tukawaita kadogo. Mhusika mwenye hadithi ya namna hiyo, na filamu inampeleka kasino! John Boyega mwenyewe alilalamika mwaka 2020 kwamba walimtangaza kuwa mtu mkubwa kisha wakamsukuma pembeni. Kubali haraka, kwa sauti, na uonyeshe uchungu. Mtu aliyekubali kosa moja huaminiwa uongo mara tatu.

Ukishavuna imani hiyo, ndipo uiguse Crait, sayari ya chumvi. Finn anaendesha chombo kibovu kuelekea kwenye mzinga, ameamua kufa. Rose anamgonga ubavuni na kumwokoa. Wakali wanasema alinyimwa kifo cha kishujaa. Wewe sema hivi: wakubwa walikuwa wamemwandaa mtoto yule kwa kufa tangu hajui kusoma, na mtu wa kwanza kumzuia alikuwa fundi wa mabomba. Hapa mimi mwenyewe husahau kwamba nafundisha ulaghai.

Mtu akianza kumtukana Kelly Marie Tran, aliyemwigiza Rose, usibishane. Dada huyo alisumbuliwa hadi mwaka 2018 akafuta picha zake zote Instagram, kwa kosa la kuigiza alichoandikiwa. Lipa chupa yako, hamia meza nyingine.

8. Mwalimu wa fizikia

Amesubiri, mheshimu. Atauliza mabomu yanaangukaje mahali pasipo na mvutano. Muulize nawe milipuko inasikikaje mahali pasipo na hewa, maana imekuwa ikisikika tangu 1977 na hakuandika barua. Atacheka kwamba filamu nzima imejengwa juu ya meli inayoishiwa mafuta. Mwite motari yeyote aliyeegesha hapo nje, wazungumze wawili wao. Atauliza kwa nini Snoke, mkuu wa wabaya, aliuawa bila kuelezwa ametoka wapi. Mfalme wa filamu ya 1983 naye alitupwa shimoni bila kuelezwa, na watu walishangilia. Atauliza, ikiwa Holdo, kamanda wa wazuri, aliweza kuipasua meli ya adui kwa kuigonga na ya kwake katika mwendo wa kupita mwanga, mbona hakuna aliyefanya hivyo kabla? Filamu ya 2019 ilimjibu: ni bahati moja katika milioni. Jibu hilo ni dhaifu, nawe unalijua, kwa hiyo liseme huku ukisimama kwenda msalani.

9. Anayesema hadithi haiguswi

Huyu hana hoja. Ana dini. Kwake Star Wars ni msahafu na Johnson ni mtu aliyeukojolea. Mrudishe utotoni. Muulize filamu zake za kwanza alizionaje, yeye na kizazi chake chote cha Afrika Mashariki. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda VJ Jingo, na ng'ambo ya Ruzizi kuna agasobanuye. Msimulizi anashika maikrofoni, anampa shujaa jina jipya, anamtania mpinzani, anatia kisa cha deni la nyama ambacho Hollywood haikukiota, na ukumbi mzima unampenda kuliko waliotengeneza filamu. Hatukumlilia mtu kwamba ameharibu maandiko. Tulirudi kesho na pesa ya kiingilio.

Akiendelea kubisha, mpe Lupita Nyong'o. Yumo humo, ndani ya kiumbe cha rangi ya chungwa chenye miwani, anatoa maelekezo huku anapigana, kisha hatumwoni tena. Kumkosoa dada yetu ni juu yake.

10. Weka risasi moja

Kabla hujaondoka nyumbani beba kitu kimoja kidogo ambacho wao hawakukigundua. Kimoja. Ukibeba vitatu utaonekana umeitazama mara kumi, na utatakiwa kuwa na majeraha.

Ninachopendekeza mimi ni vitabu. Mzimu wa Yoda unashusha radi na kuuchoma mti wenye maandiko ya kale ya Jedi, na watu wakalia kwamba Johnson ameteketeza urithi. Mwishoni kabisa, ndani ya Millennium Falcon, Finn anafungua droo akitafuta blanketi. Vitabu vimo. Rey alikwisha kuvichukua, na mzee Yoda alijua alichokuwa akichoma. Ngoja hadi yule wa msahafu afike kwenye kilio cha mti, umwache alie hadi chini, ndipo useme: “Na droo?”

Kama vitabu havikukai kichwani, chukua nyayo. Luke anapotoka kupambana na Kylo juu ya chumvi ya Crait, kila anayekanyaga anaacha alama nyekundu isipokuwa yeye, kwa sababu hakuwapo. Mwili wake ulikuwa bado kisiwani. Lakini nyayo zimeshatembea sana, huenda jamaa wa Ibanda anazo.

11. Toka mlangoni, si dirishani

Kuna saa meza itachoka. Usingoje washindi watangazwe. Wakati huo ndipo unapotupa jina la The Rise of Skywalker, ile ya 2019, iliyorudi kwa J. J. Abrams. Rey ambaye hakuwa mtu wa mtu akageuzwa mjukuu wa Palpatine, yule mfalme wa shimoni. Palpatine mwenyewe, aliyekwisha kufa, akarudi bila maelezo ya kutosha kujaza kisoda. Rose akabaki na maneno ya kuhesabika. Mwalimu wa fizikia atakushika bega. Mwenye ukoo ataagiza. Wa msahafu atakuita ndugu. Mtu ambaye saa moja iliyopita alitaka kukufukuza mtaani atakusindikiza hadi barabarani akiendelea kuilaani.

Akitokea hata mmoja anayeipenda ile ya 2019, akakuomba umfundishe kuitetea, mpe nauli na umtakie usiku mwema. Kazi hiyo hata mimi siichukui.